Unapenda wanyama na uko Mtwara? Anzia hapa
Kama bado mdogo usikae unasubiri mpaka kifunguliwe kituo cha kuokoa wanyama, mchukue mzazi au mlezi muende kwa afisa mifugo wa kata, mwambie unataka kujitolea siku za chanjo ya kichaa cha mbwa. Kazi zipo kibao: kuandika majina, kupanga foleni, kupita mtaani kukumbusha watu walete mbwa. Kushika mbwa mkali waachie wataalamu, usijifanye shujaa. Ukiumwa na mbwa, hata mkwaruzo tu, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali sikuhiyohiyo, mambo ya kupaka sijui mkaa sijui majani achana nayo kabisa. Paka wa Feri, pale soko la samaki, wapelekee maji safi, samaki washajitafutia wenyewe 😂