Umegongwa na gari ukitembea Kisumu? Hivi ndivyo unavyodai fidia

Pale Kondele, chini ya daraja la juu, matatu, boda boda na wapita njia wanang'ang'ania kipande kimoja cha lami. Ajali ikitokea, hakukosi mtu wa kusema, "Tuelewane hapa hapa, polisi wa nini?" Dereva anatoa elfu mbili za dawa na nambari ya simu, anaondoka. Wiki ikiisha mguu umevimba na simu haishikwi. Akikupa hela ya dawa, sawa, lakini usitie sahihi karatasi yoyote, na ajali iripotiwe. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamtaka dereva asimame na kutoa jina lake na la mwenye gari, au aripoti polisi ndani ya saa 24.

Kabla gari halijaondolewa, mtu wako apige picha ya nambari ya usajili na ya stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Achukue pia simu za mashahidi wawili hivi. Mama wa mboga aliyekaa pale tangu asubuhi ni shahidi mzuri kuliko abiria aliyekuwa anasinzia.

Hospitali huja kwanza. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna anayefaa kunyimwa matibabu ya dharura. Uwe umepelekwa Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, au zahanati ya mtaani, mwambie daktari waziwazi kwamba umegongwa na gari, aandike hivyo kwenye faili. Weka kila risiti, hata ya bandeji.

Kisha nenda kituo cha polisi cha eneo la ajali, si cha karibu na kwenu. Ukiwa bado kitandani, ndugu anaweza kuanza. Ripoti iingie kwenye kitabu cha matukio, nawe upewe nambari ya OB. Omba fomu ya P3, ambayo ni ya bure. Daktari ataijaza kuhusu majeraha.

Halafu kuna abstrakti ya polisi, yaani muhtasari rasmi wa ajali, na hapa ndipo kesi nyingi huharibikia. Isome ukiwa bado mbele ya afisa: nambari ya gari, jina la dereva, mwenye gari, kampuni ya bima na nambari ya bima, tarehe na mahali pa ajali, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Herufi moja ya usajili ikikosewa, umeshtaki gari la mtu mwingine. Kosa lirekebishwe papo hapo. Miezi sita baadaye afisa huyo huenda amehamishwa hadi Turkana.

Thibitisha mwenye gari kwa kuomba rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Matatu nyingi zimeuzwa bila logbuku, yaani hati ya umiliki, kubadilishwa jina, na sheria humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vingine. Kwa kawaida hushtakiwa wote wawili, dereva na mwenye gari.

Sasa wakili. Mabroka wanaozunguka wodini wakiahidi "wakili asiyelipwa mpaka ushinde" wakwepe: Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya aina hiyo, na kutafutiwa wateja hivyo ni kosa. Wakili ataandika barua ya madai kwa mwenye gari na kuiarifu kampuni ya bima. Asiiarifu bima kwa wakati, kampuni inaweza kukataa kulipa hata ukishinda. Ripoti kamili ya daktari hufuata, na bima nayo hukutuma kwa daktari wake. Nenda.

Wasipolipa, kesi hupelekwa kwa hakimu. Una miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali kuu, miezi 12 tu. Kwa mtoto, mzazi hushtaki kwa niaba yake. Aliyefariki, familia hudai chini ya Sheria ya Ajali za Vifo (Fatal Accidents Act, Sura ya 32) na Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Law Reform Act, Sura ya 26).

Kuwa mtembea kwa miguu hakukuondolei lawama. Hakimu hugawa makosa kwa asilimia: fidia ikiwa 800,000 nawe ukabebeshwa 30 kwa mia kwa kukimbia katikati ya magari, utapata 560,000. Kwa hiyo eleza ulivukia wapi, bila kupamba. Shahidi wa upande wa pili pia alikuwa na macho.

Bima ya lazima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa kila mtu. Ziada hudaiwa mwenye gari mwenyewe. Mkielewana kabla ya hukumu, utaletewa hati ya kukubali malipo ya mwisho. Isome pamoja na wakili kabla ya kalamu, na kama bado unasubiri operesheni ya pili, usiisaini.