Kuendesha mkutano wa klabu ya hotuba na mashindano yake, kuanzia ratiba hadi kuhesabu kura

Klabu ya hotuba haifi kwa kukosa wasemaji hodari. Inakufa kwa sababu mkutano unaanza umechelewa, unarefuka bila mpango, na anayeshuka jukwaani anaambiwa "hongera sana" kisha anaondoka hajui arekebishe nini. Ukiweza kutunza muda na kutoa tathmini ya maana, mengine yote yatakaa sawa hata kama ukumbi ni mdogo na wanachama ni wachache.

Sehemu kubwa ya utaratibu ninaoueleza hapa umetoka Toastmasters International, mtandao wa klabu ulioanzia kwa Ralph Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924. Si lazima klabu yako iwe mwanachama wao ndipo uutumie.

Hatua ya 1: Gawa majukumu wiki moja kabla

Usiingie ukumbini ukiuliza, "Leo nani anahutubia?" Siku saba kabla, kila jukumu liwe na jina la mtu, na mtu huyo awe amekubali kwa kinywa chake. Ujumbe alioutumiwa akausoma akanyamaza hauhesabiki. Majukumu ya msingi ni haya:

- Mwongoza mkutano, anayekaribisha na kuunganisha vipindi.
- Wasemaji wenye hotuba zilizoandaliwa, wawili au watatu.
- Mtathmini mmoja kwa kila msemaji.
- Mwongoza hotuba za papo kwa papo.
- Mtunza muda.
- Mlinzi wa lugha, ambaye pia anaweza kuhesabu maneno ya kujazia, yale ya "yaani" na "eee".
- Mtathmini mkuu, anayeutathmini mkutano wenyewe.

Klabu ikiwa na watu wanane tu, mtu mmoja abebe majukumu mawili, isipokuwa mtunza muda. Huyo mwachie saa yake tu. Pia weka akiba ya msemaji mmoja mwenye hotuba tayari, maana udhuru wa dakika ya mwisho hauishi.

Mtathmini azungumze na msemaji wake kabla ya siku hiyo. Aulize jambo moja: "Safari hii unajaribu kuboresha nini?" Anayejibu "macho yangu, huwa natazama karatasi" anatathminiwa hapo zaidi. Bila swali hilo, mtathmini anabaki kukisia.

Hatua ya 2: Andika ratiba kwa dakika

Ratiba isiyo na dakika ni orodha ya matumaini. Kwa mkutano wa dakika 90, mgawanyo huu unakaa vizuri: ufunguzi na maelezo ya majukumu, 10, hotuba tatu zilizoandaliwa pamoja na utambulisho wake, 30, papo kwa papo, 20, tathmini, 15, ripoti za mtunza muda, mlinzi wa lugha na mtathmini mkuu, 8, matangazo na kufunga, 7.

Hotuba yenyewe ni dakika 5 hadi 7. Zinazobaki katika zile 30 ni za kumtambulisha msemaji na kuwapa wasikilizaji dakika moja ya kumwandikia maoni mafupi kwenye karatasi. Viongozi wengi huifuta dakika hiyo wakiona muda unabana. Mimi nisingeifuta, kwa sababu kijikaratasi kutoka kwa mtu aliyekaa nyuma kabisa mara nyingi husema kile ambacho mtathmini ameona haya kukisema.

Ukibanwa na muda, punguza papo kwa papo. Tathmini usiiguse.

Hatua ya 3: Ukumbi na saa

Fika nusu saa kabla. Panga viti viwe vichache kuliko watu unaowatarajia, halafu uongeze wanapoingia. Ukumbi wenye viti vitupu humvunja moyo msemaji mgeni. Mtunza muda akae mahali ambapo msemaji atamwona bila kugeuza shingo, na awe na alama tatu: kijani, njano na nyekundu. Taa si lazima, kadi za rangi zinatosha. Kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, kijani huonyeshwa ikifika dakika ya 5, njano ya 6, na nyekundu ya 7. Nyekundu ikiinuliwa hubaki juu mpaka msemaji amalize.

Saa ya kuanza ikifika, anza, hata kama mko watano.

Hatua ya 4: Papo kwa papo

Hapa mtu hupewa swali asilolijua na kuzungumza dakika moja hadi mbili. Siri iko katika mpangilio: soma swali kwanza, nyamaza kidogo, ndipo umtaje mtu. Ukitaja jina kabla, wengine wote hupumua na kuacha kufikiri. Maswali yasiwe ya ndiyo au hapana, wala yasihitaji utaalamu. "Taja jambo uliloamini ukiwa mtoto na sasa huliamini" ni swali zuri. "Nini maoni yako kuhusu sera ya fedha?" ni mtego. Anza na wanachama wazoefu, na mgeni usimwite kama hakukubali mapema.

Hatua ya 5: Tathmini, kazi ngumu kuliko zote

Mtathmini ana dakika 2 hadi 3. Wengi huzitumia kusimulia upya hotuba ambayo kila mtu ameisikia. Wengine hupanga sifa, lawama, kisha sifa tena, na baada ya mikutano michache kila mwanachama anajua kwamba sifa ya kwanza ni njia ya kufikia lawama. Fanya hivi badala yake.

Wakati wa hotuba, gawa karatasi yako safu mbili: nilichokiona au kukisikia, na kilichonitokea mimi msikilizaji. Ukiandika "aliweka mikono mfukoni alipofika sehemu ya baba yake," upande wa pili andika "nilihisi anaikimbia hadithi." Huo ni ushahidi, na msemaji hawezi kuukataa kirahisi. "Mikono yako haikuwa mizuri" hana la kufanya nayo.

Hotuba ikiisha, chagua mambo mawili yaliyofanya kazi na moja la kubadili. Moja tu. Ukiona makosa saba, chagua lile ambalo likirekebishwa litayavuta mengine, na yaliyobaki mwambie faraghani. Kisha onyesha badala ya kueleza: "Ulifungua kwa kutuambia mada. Ingekuwaje kama ungeanza na ile sentensi ya mama yako mlangoni, halafu ukanyamaza?" Itamke sentensi hiyo mwenyewe, jinsi ambavyo ungependa kuisikia. Ukumbi mzima unajifunza, hata wasiotathminiwa.

Zungumza kama msikilizaji mmoja. "Mimi nilipotea hapa" ni kweli isiyo na ubishi, lakini "umetupoteza" inakufanya msemaji wa watu ambao hawakukutuma.

Mlinzi wa lugha naye asiwe askari. Ahesabu "yaani", "nanii", "kiukweli", "sawa?" na ule mlio wa "eee" kati ya sentensi, kisha atoe idadi bila kejeli. Na ataje pia msemo mmoja au methali iliyotumika vizuri, la sivyo watu watamwona ni mtu wa kutafuta makosa tu.

Hatua ya 6: Kuandaa mashindano

Mashindano yaje baada ya klabu kuzoea mikutano ya kawaida. Andika kanuni mapema na uwape washindani wote nakala moja ile ile: nani anastahili kushindana, muda, vigezo, na jinsi ya kuweka pingamizi. Katika shindano la hotuba zilizoandaliwa, Toastmasters humwengua anayezungumza chini ya dakika 4 na sekunde 30 au zaidi ya dakika 7 na sekunde 30. Papo kwa papo mipaka ni dakika 1 na dakika 2 na nusu. Nakushauri uichukue mipaka hiyo kama ilivyo, kwa sababu ukibuni yako utaitetea peke yako siku ya ugomvi.

Kwa vigezo, fomu yao ya hotuba hugawa alama 100 hivi: maudhui 50, uwasilishaji 30, lugha 20. Soma mgawanyo huo mbele ya washindani. Kuna watu wanaoamini kwamba sauti nzito na mikono mingi vinatosha.

Tafuta majaji watano, ikiwezekana kutoka nje ya klabu, na jaji mkuu ambaye yeye hapigi kura. Ongeza jaji mmoja wa sare, anayejulikana kwa jaji mkuu peke yake. Majaji wengine huandika nafasi ya kwanza hadi ya tatu. Huyu huwapanga washindani wote, na karatasi yake hufunguliwa sare ikitokea tu. Utahitaji pia watunza muda wawili na wahesabu kura.

Hatua ya 7: Siku ya shindano

Kutana na washindani kabla ya kuanza, pigeni kura ya bahati kujua nani atamtangulia nani, na kila mmoja ajaribu jukwaa na kipaza sauti. Mshereheshaji amtambulishe kila mtu kwa namna moja: jina, kichwa cha hotuba, kichwa cha hotuba, jina. Asiongeze "huyu ni moto wa kuotea mbali", maana hapo ameshampigia debe.

Baada ya kila hotuba, dakika moja ya ukimya kamili ili majaji waandike. Baada ya hotuba ya mwisho, ukimya uendelee mpaka karatasi zote zikusanywe. Papo kwa papo, washindani wote hupata swali moja, kwa hiyo wanaosubiri wakae nje ya ukumbi na simu zao ziwe kwa msimamizi.

Hatua ya 8: Kuhesabu

Jaji hakabidhi alama zake za 100. Hukabidhi nafasi tu: wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Njia hii humzuia jaji mkarimu au mchoyo kuuvuruga mchezo, ila ina matokeo yanayoshangaza watu. Chukua majaji watano na washindani wanne. A anapewa nafasi ya kwanza na majaji wawili na ya pili na mmoja: pointi 8. B anapata ya kwanza moja, za pili tatu, ya tatu moja: pointi 10. C anapata za kwanza mbili, ya pili moja, za tatu mbili: naye 10. D anaambulia 2. A, aliyewekwa juu na majaji wawili, ni wa tatu. B na C wamefungana, basi fungua bahasha ya jaji wa sare uone nani kamtanguliza mwenzake. Usirudie kuhesabu za kwanza ili kutafuta mshindi; kanuni ni bahasha.

Karatasi isiyosainiwa na jaji au iliyoacha nafasi wazi haihesabiwi. Jaji mkuu aziangalie zote jaji akiwa bado ukumbini. Mshereheshaji akiwahoji washindani jukwaani, mnapata muda wa kutosha kuhesabu mara mbili.

Hatua ya 9: Kutangaza

Pingamizi hupokelewa kabla ya matokeo kutangazwa, na kutoka kwa majaji au washindani tu, kuhusu ustahili wa mshindani au uhalisi wa hotuba, yaani kama ni yake mwenyewe. Mjomba wa mshindani aliyekaa mstari wa mbele hana nafasi hapo. Kama kuna aliyeenguliwa kwa muda, sema kwamba yupo bila kumtaja. Kisha tangaza wa tatu, wa pili, wa kwanza, kwa mfululizo huo.

Karatasi za kura zichanwe usiku huo huo. Pointi za kila mtu msizitoe, hata kwa anayeomba kwa upole. Anayetaka kujua alikosea wapi mpangie mtathmini na mpe nafasi ya kwanza ya kuhutubia mkutano unaofuata, aje na hotuba ile ile.