Kusawazisha Kigunduzi cha Darubini ya Anga kwa Mkondo wa Chembe

Muuza nafaka wa Kongowea akiitilia shaka mizani yake, huweka jiwe la kilo moja analolijua, kisha hutazama mshale. Kigunduzi cha miale ya gamma (mwanga wenye nguvu kuliko eksirei) kinachobebwa na darubini ya anga nacho kinadai jiwe lake, nalo hupatikana kwenye mashine ya kuongeza kasi ya chembe, tena kabla ya kurushwa.

Anza na muoni, chembe zenye chaji zitokazo juu angani, ambazo hazihitaji mashine: hutushukia usiku na mchana, hapa Tudor kama kwingineko, takriban moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Muoni ikipita wima katika fuwele ya sizi iodaidi (hutoa mwanga chembe ikipita) yenye unene wa sentimita 2, huacha nishati inayojulikana, takriban MeV 11 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Andika pia halijoto, kwa kuwa mwanga wa fuwele hubadilika nayo.

Fotoni, yaani chembe ya miale ya gamma yenyewe, ndiyo kazi ngumu, kwani haina chaji na haipimiki njiani bila kuharibika. Pitisha elektroni za nishati inayojulikana katika bamba jembamba. Baadhi zitatoa fotoni na kupungukiwa nguvu. Sumaku iliyo mbele itazipinda, na kadiri elektroni ilivyopungukiwa ndivyo itakavyopinda zaidi. Iliyoingia na MeV 463 ikibaki na 363, fotoni yake ilichukua 100. Satelaiti ya Italia AGILE, iliyobeba kigunduzi cha miale ya gamma, ambayo data yake ilipokelewa jirani zetu Malindi, ilipimwa kwa njia hii mjini Frascati mwaka 2005. Punguza mkondo mpaka elektroni zifike chache mno, kwani zikija mbili pamoja hutajua ipi iliyotoa fotoni.

Zungusha kigunduzi, upime kwa pembe nyingi, maana angani miale haichagui upande. Si lazima upeleke kifaa kizima: mwaka 2006 wataalamu wa Fermi LAT, darubini ya miale ya gamma yenye minara 16 ya vigunduzi, walipeleka CERN, maabara ya chembe huko Ulaya, kipande kilichoundwa kwa moduli za akiba.

Hatimaye linganisha vipimo na uigaji wa kompyuta. Vikitofautiana, usikimbilie kuzidisha kila kitu kwa namba moja, jambo ambalo naliona hatari kuliko tofauti yenyewe. Kwanza tafuta kilichosahauliwa katika uigaji: hewa, dirisha la bomba linalopitisha mkondo, hata kebo iliyokatiza njia ya mkondo. Tofauti itakayosalia iandikwe kwa kila nishati na kila pembe, iambatane na data.