Usiiache harufu shimoni

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichota udongo wa kupimwa kama petroli imevuja, kando ya tangi kuukuu, hapa Busia upande wa Uganda. Shimo lilinuka hadi macho yakawasha. Nikautia kwenye mfuko wa plastiki, nikapiga fundo kama la sukari ya robo, nikauweka kwenye buti ya gari hadi Kampala. Majibu yakaja: benzini, kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya petroli, haikuonekana. Ilikuwepo, ila niliipoteza mwenyewe njiani. Benzini na wenzake wa petroli, toluini na zailini, hupaa upesi, buti lina joto, na mfuko ule hupitisha mvuke.

Siku hizi sitoki bila chupa za kioo za mililita 40 kutoka maabara, zenye kizibo cha utando wa Tefloni, zikiwa na methanoli ndani, kimiminika cha kuushika mvuke huo, na zimeshapimwa uzito. Kwa sababu zimepimwa, usibandike lebo nyingine. Andika kwenye ile iliyopo, kwa penseli. Wino wa kalamu nzito ya maka huweza kuwa na zailini.

Kifaa chenyewe ni rahisi: bomba la sindano la plastiki la mililita 10, limekatwa ncha, jipya kwa kila sampuli. Ukitoa udongo kwa auga, yaani keekee ya kutobolea ardhi, kwangua sehemu iliyopigwa hewa, kisha dunga bomba upate kama mililita 3, yaani takriban gramu 5. Sukuma donge ndani ya methanoli taratibu lisirushe matone. Futa mdomo wa chupa, maana punje moja ya mchanga inatosha kuvujisha kizibo. Funga. Yote hayo ni suala la sekunde, kwa hiyo wanaokuja kuuliza mnatafuta dhahabu wasubiri. Na usichanganye udongo wa mashimo mawili kwenye beseni kama wanaopima rutuba ya shamba.

Moramu yetu kavu hukataa bomba. Hapo navunja vipande vidogo kwa patasi safi, natumbukiza haraka, naandika kwenye fomu kwamba sikutumia bomba.

Methanoli ni sumu na hushika moto: vaa glavu, sigara marufuku, bodaboda azime injini mbali. Moshi wa injini una benzini pia.

Shimo lile lile litoe chupa nyingine bila methanoli, ya kupimia unyevu. Chupa moja yenye methanoli pekee, bila udongo, isifunguliwe kabisa, isafiri na wenzake; ikikutwa na benzini, basi uchafu uliingia safarini.

Barafu ya wauza samaki yafaa, lenga nyuzi 4 hivi, ila funga chupa kwenye mfuko maji yasifute maandishi. Udongo ulio ndani ya methanoli hukaa siku 14. Ukikosa methanoli na kulazimika kuupeleka udongo peke yake kwenye kioo kilichozibwa, una saa 48 tu. Kampala ni kama kilomita 200, lakini ukifika Ijumaa jioni saa hizo zitaishia getini. Mimi huchota Jumatatu.