Yangeyange mweupe: kuhariri picha bila kupoteza nyuzi za manyoya

Yangeyange anasumbua kwenye kompyuta kuliko ndege wengi wa rangi. Anasimama juani ubavuni mwa ng'ombe mweusi, kamera inapima mwanga kwa kufuata lile giza, na mgongo wake unaungua: linabaki doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Kinachochora nyuzi za unyoya ni tofauti ndogo sana kati ya weupe na weupe, na hizo ndizo za kulindwa tangu hatua ya kwanza.

Tumia faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijabanwa. JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, ilhali RAW ya biti 14 ina 16,384, kwa hiyo weupe unaoonekana umekufa mara nyingi bado una uhai. Majina ya vitelezi hapa ni ya programu ya kuhariri ya Lightroom Classic. Darktable na RawTherapee ni za bure na zinafanya kazi hizohizo kwa majina mengine.

Kuza picha hadi asilimia 100, uangalie jicho. Likiwa na ukungu, chagua picha nyingine. Fokasi iliyokosewa hairudishwi na kitelezi. Kisha shusha Exposure hadi -1.00, kwa kupima tu, utazame bega na mgongo. Mistari ya manyoya ikijitokeza, picha inaokoka. Pakigeuka kijivu kitupu, hapo hakuna kilichorekodiwa.

Sasa rudisha Exposure kati ya -0.30 na -0.70, na Highlights kati ya -40 na -60. Weka kishale juu ya sehemu nyeupe kuliko zote, usome asilimia za R, G na B (nyekundu, kijani na buluu) chini ya histogramu, ile grafu ya mwanga: 92 hadi 95 zinatosha. Ukivuta Highlights mpaka -100, ndege anafanana na kanzu iliyofuliwa bila sabuni. Weupe ukipooza, ongeza Whites huku umeshika Alt (Option kwenye Mac). Nukta zikianza kutokea juu ya ndege, rudi nyuma kidogo.

Angalizo la rangi: msimu wa kuzaliana, yangeyange huwa na manyoya ya rangi ya chungwa iliyopauka kichwani, kifuani na mgongoni. Usiyafute ukidhani ni kasoro ya kamera. Kijani kilichoakisiwa na majani tumboni ndicho cha kupunguza, tena kwa burashi, si kwa picha nzima.

Chengachenga (vidoa vidogo vinavyotapakaa pichani, noise) ziondoe kabla ya kunoa, maana ukinoa kwanza unazinoa nazo. Kwenye Denoise, kiwango cha 20 hadi 35 kinafaa kwa manyoya. Ukizidisha, kifua kinakuwa laini kama plastiki, au programu inabuni mistari ambayo ndege huyo hana, na hilo ni baya zaidi kwa sababu mtazamaji haligundui upesi. Kama mandharinyuma bado yana chengachenga, tengeneza maski ya ndege (eneo lililochaguliwa) kwa Select Subject, igeuze, kisha ongeza Noise, kitelezi cha kupunguza chengachenga, huko nyuma peke yake. Kagua ncha za manyoya marefu na miguu. Maski hupenda kuzikata.

Kwenye kunoa ndipo picha nyingi huharibikia. Nyuzi za unyoya zina upana wa pikseli moja au mbili, kwa hiyo Radius ya 1.5 inazizungushia ukingo mweupe na kuzigandisha pamoja. Anza na Amount 50, Radius 0.7, Detail 35. Shika Alt ukivuta Masking hadi 70 hivi: palipo peupe patanolewa, palipo peusi pataachwa. Juu ya maski ya ndege ongeza Texture +15. Clarity iache karibu na sifuri. Inatia vivuli vizito katikati ya manyoya.

Punguza ukubwa wakati wa kutoa picha: upande mrefu pikseli 2048, rangi sRGB, ubora 85, kunoa kwa Screen kiwango cha Low. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa upya, na kinachotangulia kupotea ni nyuzi hizo za mgongoni.