Jinsi ya Kupima Masafa ya Ukomo ya Kiongoza Mawimbi kwa Debe, Mabomba ya Bati na Simu Mbili

Kiongoza mawimbi ni bomba la chuma lenye uwazi ndani, ambalo hupitisha mawimbi ya redio bila waya wowote katikati. Rada nyingi za meli zinazoingia bandari ya Kilindini hutumia masafa ya karibu gigahezi 9.4. Bomba ambalo kwa kawaida hubeba masafa hayo ni la mstatili, lenye upana wa ndani wa milimita 22.86 na kimo cha milimita 10.16. Mwaka 1897 Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza, alionyesha kwa hesabu kwamba wimbi linaweza kusafiri ndani ya bomba tupu, na kwamba kila bomba lina masafa ya ukomo ambayo chini yake wimbi halisafiri. Ilichukua miaka mingi kabla ya hesabu hiyo kupata matumizi, hadi George Southworth wa Bell Telephone Laboratories na Wilmer Barrow wa chuo cha MIT cha Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walipotangaza majaribio yao mwaka 1936.

Mwongozo huu unamwelekeza mwalimu au mwanafunzi wa fizikia namna ya kuuona ukomo huo na kuupima kwa vifaa vinavyopatikana Mombasa. Ninasisitiza neno kupima. Kuonyesha kwamba bomba jembamba linazuia Wi-Fi na bomba pana linaipitisha ni jambo zuri, lakini halithibitishi nadharia, kwa kuwa hata ukuta wa kawaida hupunguza mawimbi. Kinachothibitisha nadharia ni kiasi halisi cha desibeli (kipimo cha kulinganisha nguvu za mawimbi) zinazopotea kwa kila milimita ya urefu wa bomba, kwa sababu kiasi hicho hutabiriwa na fomula kabla hujagusa bati.

Tuanze na hesabu. Uga wa umeme hauwezi kulala sambamba na ukuta wa chuma. Pale ukutani lazima sehemu yake iliyo sambamba iwe sifuri. Kwa hiyo wimbi lililo ndani ya bomba hulazimika kujipanga kwa maumbo maalumu, yanayoitwa modi, na kila modi huhitaji nafasi ya kutosha kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Katika bomba la duara, modi inayohitaji nafasi ndogo kuliko zote ni ile inayoandikwa TE11, na urefu wake wa wimbi wa ukomo ni kipenyo cha ndani mara 1.706. Namba hiyo hutokana na kugawanya pai kwa 1.841, ambapo 1.841 ni mahali kitendakazi cha Bessel cha daraja la kwanza, mkunjo wa kihisabati unaoeleza mawimbi ndani ya duara, kinapofikia kilele chake cha kwanza. Ukitaka njia ya mkato, gawanya 175.7 kwa kipenyo cha ndani kwa milimita, nawe utapata masafa ya ukomo kwa gigahezi.

Chaneli ya 6 ya Wi-Fi ya kawaida iko kwenye gigahezi 2.437, na urefu wa wimbi lake hewani ni milimita 123. Bomba la kipenyo cha milimita 90 lina ukomo wa gigahezi 1.95, hivyo wimbi hilo hupita. Bomba la milimita 60 lina ukomo wa gigahezi 2.93, hivyo wimbi hilo halisafiri. Hufifia kadiri linavyoingia ndani. Kiwango cha kufifia, kwa desibeli kwa kila milimita, ni 54.6 mara kipeuo cha pili cha tofauti kati ya 1 gawanya kwa mraba wa urefu wa wimbi wa ukomo na 1 gawanya kwa mraba wa urefu wa wimbi hewani. Kwa bomba la milimita 60, urefu wa wimbi wa ukomo ni milimita 102.4, na jibu ni desibeli 0.295 kwa kila milimita, yaani takriban desibeli 9 kwa kila milimita 30. Namba hiyo ya 9 ndiyo tutakayoitafuta kwa majaribio.

Sasa tutengeneze kifaa. Tafuta debe la mafuta la lita 20 ambalo bado halijakatwa juu. Mwombe fundi wa bati, yule anayetengeneza masanduku ya shule na majiko, atoboe tundu moja la duara lenye kipenyo cha milimita 150 kwenye ubavu wa debe, kisha akate vipande vya bati bapa vya mraba wa milimita 200 vya kufunikia tundu hilo. Kipande kimoja kibaki kizima. Kila kimoja kati ya vilivyobaki kitobolewe katikati na kulehemiwa bomba lake, bila kuacha nafasi popote kwenye mzunguko wa lehemu. Utahitaji mabomba matatu ya kipenyo cha ndani cha milimita 60 yenye urefu wa milimita 50, 80 na 110, pamoja na mabomba mengine matatu ya kipenyo cha milimita 90 yenye urefu ule ule. Bati la kawaida lililopakwa zinki latosha kabisa, kwa sababu kwenye masafa haya mkondo wa umeme hupita katika tabaka jembamba sana la juu, takriban mikromita 2.5 katika zinki, na unene wa bati hauna athari yoyote kwenye vipimo.

Usahihi wa kipenyo, kwa upande mwingine, una athari kubwa. Bomba lililokunjwa kwa mkono mara nyingi huwa na umbo la yai kidogo. Pima kipenyo cha ndani kwa kalipa katika pande mbili zinazokatana, uchukue wastani, kisha urudie hesabu kwa namba uliyopata badala ya 60. Kipenyo kikiwa milimita 61, kiwango cha kufifia hushuka hadi desibeli 0.280 kwa kila milimita, tofauti ya karibu asilimia 5 kwa kosa la milimita moja tu.

Adui wa jaribio hili ni kuvuja. Kwangua rangi yote kuzunguka tundu la debe hadi bati jeupe lionekane, funga kila kipande kwa skrubu zilizo karibukaribu, milimita 25 kutoka moja hadi nyingine, halafu pitisha juu yake utepe wa alumini wanaoutumia mafundi wa friji, ulale kwa upana pande zote mbili za kiungo. Mfuniko mdogo wa kumiminia mafuta nao uzibwe vivyo hivyo. Simu huingizwa kupitia tundu lile lile la milimita 150, na kwa hiyo hakuna mlango mwingine wa kuhangaikia. Hii ndiyo sababu ya kuchagua debe ambalo halijakatwa.

Ndani ya debe weka simu ya kwanza ikiwa imewasha hotspoti ya gigahezi 2.4. Toa laini ikiwa simu inakubali kuwasha hotspoti bila laini, maana simu iliyofungiwa ndani ya chuma huendelea kuutafuta mtandao na kumaliza chaji. Iegemeze juu ya kipande cha sponji ili isisogee, na kando yake weka chupa ya plastiki yenye maji ya bahari, iliyofungwa vizuri. Maji ya chumvi hufyonza mawimbi, na bila kitu cha kuyafyonza, mawimbi hugongana na kuta za debe huku na huku kiasi kwamba kuisogeza simu kidogo tu hubadilisha kipimo kwa desibeli nyingi. Debe lisikae juani. Joto la pwani ndani ya chuma huweza kuizima simu kabla hujamaliza.

Funga kwanza kile kipande kizima kisicho na bomba. Simu ya pili, yenye programu ya kuonyesha nguvu ya Wi-Fi kwa dBm (desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja), isimame kwenye kigoda cha mbao mbele ya debe. Mtandao wako ukiendelea kuonekana kwa nguvu, tembeza simu hiyo polepole kando ya kila kiungo hadi upate mahali panapovuja, upazibe, kisha ujaribu tena. Usiendelee na hatua nyingine kabla ya kipimo kushuka karibu na dBm -90 au mtandao kupotea kabisa. Andika kipimo hicho, kwa kuwa matokeo yoyote yatakayokikaribia baadaye yatakuwa ya uvujaji, wala si ya bomba.

Kisha funga mabomba ya milimita 90, moja baada ya jingine. Umbali kutoka mdomo wa bomba hadi simu ya nje ubaki milimita 300 kila mara, na watu wasimame mbali, kwa sababu mwili wa binadamu nao hufyonza mawimbi. Izungushe simu ya nje hadi upate mkao wenye kipimo cha juu zaidi, maana modi ya TE11 ina mwelekeo wake wa uga wa umeme. Soma mara kumi na uchukue wastani. Vipimo vya mabomba haya matatu vinapaswa kukaribiana, kwa sababu wimbi linalosafiri hupoteza nguvu kidogo mno katika urefu huo.

Rudia kwa mabomba ya milimita 60. Chora grafu yenye urefu wa bomba kwenye mhimili wa mlalo na dBm kwenye mhimili wa wima, upitishe mstari ulionyooka na usome mteremko wake. Usijali kipimo cha bomba moja moja: kiasi cha mawimbi kinachofanikiwa kuingia kwenye bomba hakijulikani kwa hesabu rahisi, lakini ni kile kile kwa mabomba yote matatu, na mteremko haukijali. Ukipata desibeli 8 hadi 10 kwa kila milimita 30, nadharia na bati lako vimekubaliana. Mteremko ukilala kwenye bomba refu zaidi, chanzo karibu kila mara ni uvujaji.

Bila kubadilisha chochote kingine, hamisha hotspoti iende kwenye gigahezi 5, kama simu inaruhusu. Masafa hayo yako juu ya ukomo wa gigahezi 2.93, na bomba lile lile lililokuwa likizuia sasa litapitisha. Tarajia vipimo vinavyoyumba zaidi, kwa kuwa kwenye gigahezi 5.2 bomba la milimita 60 hubeba modi tatu, nazo huongezeana nguvu mahali pamoja na kupunguzana mahali pengine.

Jaribio la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Rudisha gigahezi 2.4, chukua bomba la milimita 60 lenye urefu wa milimita 110, kisha pitisha katikati yake waya wa shaba ulionyooka, ulioshikiliwa na kipande cha stairofomu usiguse ukuta, huku ukijitokeza milimita 30 kila upande. Kipimo hupanda sana. Vipitishi viwili vilivyotengana hubeba modi ambayo haina masafa ya ukomo, ndiyo maana waya wa antena ya televisheni, wenye uzi wa shaba katikati na wavu kuuzunguka, hupitisha masafa haya ingawa ni mwembamba kuliko kidole. Kwa sababu hiyo hiyo, usipitishe waya wa chaja wala wa data kwenye bomba wakati wa vipimo vya awali.

Ukitaka kurudia majaribio muhula ujao, kausha mabomba na uyafunge kwenye mfuko wa plastiki. Hewa ya chumvi hula zinki na kuacha unga mweupe kwenye viungo, na unga huo hauondoki kwa kukaza skrubu. Uondoe kwa msasa kabla ya kufunga kipande chochote, kisha uanze tena na kipimo cha kipande kizima.