Kabla ya Kuchukuliwa Kinyama cha Tezi ya Shingo

Ukipewa rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya tezi ya limfu ya shingoni iliyovimba ikagoma kuisha, usianze kuuliza bei. Uliza kwanza: ni sindano gani itakayochukua seli au kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kupimwa? Watu wawili wanaweza kurudi nyumbani wote wakisema "nimechomwa sindano ya tezi", kumbe wamefanyiwa vitu viwili tofauti.

Ipo sindano nyembamba, ya geji (kipimo cha unene wa sindano) 22 hadi 25, inayofyonza seli chache zikapakwa kwenye kioo cha hadubini. Inasaidia sana kutafuta kifua kikuu cha tezi, au saratani iliyohamia shingoni kutoka kooni. Kwa limfoma, yaani saratani inayoanzia kwenye mfumo wa limfu wenye tezi hizi, mara nyingi haitoshi, maana mtaalamu wa patholojia, anayesoma kinyama kwa hadubini, anataka kuona seli zilivyojipanga. Ukishabomoa nyumba, kwa kutazama rundo la matofali hujui ilikuwa na vyumba vingapi.

Sindano ya pili ni nene, geji 14 hadi 18 (kwenye sindano namba ikipungua unene unaongezeka). Daktari anaiongoza kwa ultrasaundi ili akwepe mishipa mikubwa ya shingo. Unapigwa ganzi, halafu kifaa kinafyatuka: tak! Mlio huo huwashtua watu kuliko maumivu yenyewe, kwa hiyo omba kifyatuliwe hewani mara moja uusikie kabla. Kinachotoka ni kiuzi cheupe mfano wa kipande cha tambi, sentimita moja au mbili, kinachotumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Huchukuliwa viuzi kadhaa.

Fomalini huua vijidudu. Huku kwetu kifua kikuu cha tezi kipo kingi na kinafanana mno na limfoma: uvimbe, homa, jasho la usiku, kukonda. Basi muulize daktari mapema kama sehemu ya kinyama itawekwa kwenye maji ya chumvi, nje ya fomalini, ipelekwe kupimwa kifua kikuu. Ukisubiri hadi vyote viingie kwenye kichupa, umechelewa. Kipimo cha VVU nacho kiwe tayari, kwa kuwa VVU huongeza uwezekano wa limfoma.

Sasa dawa, na hapa ndipo ningepiga kelele kama ningeruhusiwa. Prednisoloni, vile vidonge ambavyo mtu hupewa dirishani "vipunguze uvimbe", huisinyaza limfoma kwa muda. Tezi inanywea, mgonjwa anashukuru Mungu, na kinyama kikichukuliwa wiki hiyo kinaweza kisionyeshe kitu cha maana. Ugonjwa upo palepale. Usijianzishie. Kama unaitumia kwa pumu au maradhi mengine, usiiache ghafla, mwambie daktari. Vivyo hivyo kwa wafarini na aspirini, dawa zinazopunguza damu kuganda: taja unachomeza, yeye ndiye aamue kipi kisimame na kwa siku ngapi.

Kwenye daftari andika tezi ilionekana lini, kama unaamka shuka zimelowa jasho, na kilo ulizokuwa nazo miezi 6 iliyopita. Kupungua asilimia 10 ya uzito bila kujinyima chakula ni habari nzito. Vaa shati la vifungo, acha mkufu nyumbani. Kwa ganzi ya sehemu tu kwa kawaida hufungi kula, kwa hiyo kunywa chai yako, labda uwe umeambiwa vingine.

Wazee watakuonya kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Wasikilize kwa adabu, kisha panda gari uende. Limfoma ni ugonjwa wa mfumo unaozunguka mwili mzima, haingoji sindano ili isafiri.

Ukimaliza, kandamiza kidonda kama ulivyoelekezwa, na usikimbilie gari la Rombo au Same saa hiyohiyo. Shingo ikianza kujaa au pumzi kubana, rudi ndani mara moja.

Majibu hayatoki kesho, kwa sababu huhitaji rangi maalumu za kutambua aina ya limfoma. Alama ya CD20 juu ya seli, kwa mfano, humwonyesha daktari kama dawa ya rituximab itafaa. Ukiambiwa kinyama hakikutosha, itabidi tezi nzima itolewe kwa upasuaji mdogo, njia ambayo bado inaaminika kuliko zote. Kinyama chako hubaki maabara kwenye kibonge cha nta. Ukihamishiwa hospitali nyingine, kiombe usafiri nacho pamoja na karatasi ya majibu.